Mandhari Zisizo Mahali: Picha za Kim Keever na Swali la Ukweli wa Picha ya Mandhari katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mpiga picha wa Kimarekani Kim Keever alivyojenga mandhari za kubuni ndani ya tangi la maji na kuzipiga picha. Kazi hiyo inahusishwa na mifano miwili inayoigusa Afrika Mashariki moja kwa moja: diorama za wanyama wa Afrika zilizojengwa New York baada ya safari ya utafiti ya mwaka 1926, na studio za wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa. Inadaiwa kwamba kubuni mandhari si udanganyifu kwa asili yake. Tatizo huanzia kwenye maelezo yanayoambatana na picha, na hapo ndipo suala la sanaa linapogeuka kuwa suala la kumbukumbu, hakimiliki na sera.

Utangulizi

Neno mandhari limetokana na mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupatia neno nadharia, yaani mzizi wa kutazama. Kwa asili yake, basi, mandhari si ardhi yenyewe bali ni ardhi kama ilivyotazamwa na mtu aliyesimama mahali fulani. Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku picha ya mandhari huchukuliwa kuwa ushahidi: mlima umeonekana, kwa hiyo mlima upo. Ripoti za mazingira, vitabu vya jiografia vya shule, vipeperushi vya utalii na maombi ya fedha za uhifadhi vyote hutegemea imani hiyo, na ni nadra kuihoji.

Wapo wasanii ambao kazi yao yote ni kuihoji. Mmoja wao ni Kim Keever, aliyezaliwa New York mwaka 1955. Alisomea uhandisi, akafanya kazi kwa muda katika shirika la anga za juu la Marekani, NASA, kisha akaacha fani hiyo na kuingia katika sanaa. Alianza na uchoraji, na kuanzia miaka ya 1990 akajulikana kwa picha za milima, maziwa, misitu na mawingu ambayo hayapo popote duniani. Kila kilichoonekana katika picha hizo kilijengwa studioni, ndani ya tangi la kioo la aina ya matangi ya samaki, lenye ujazo wa galoni 200, takriban lita 750.

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa kazi ya kamera: kupiga. Picha hupigwa, kama ngoma au kengele, na kitendo chenyewe huisha mara moja. Kitenzi hicho kinamfaa mwandishi wa habari aliye uwanjani. Kwa msanii anayejenga kwanza na kupiga baadaye, kitenzi hicho kinataja sehemu fupi kabisa ya kazi yake.

Namna tangi linavyofanya kazi

Ujenzi huanza pakavu. Milima na miamba hufinyangwa kwa jasi, yaani ile plasta nyeupe inayotumiwa na mafundi wa dari, na kupangwa ndani ya tangi likiwa tupu. Vitawi na vipande vya mimea huwekwa kuwa miti. Baada ya hapo tangi hujazwa maji, taa zenye vichujio vya rangi huelekezwa kutoka juu na kutoka pembeni, na mwisho rangi ya maji humiminwa kutoka juu. Rangi hiyo hushuka, hupanuka, hujikunja na kutanda juu ya vilele. Kwa muda mfupi inakuwa wingu, au ukungu wa alfajiri, au moshi. Kisha huenea tangini kote na maji yote hugeuka tope la rangi. Katika kipindi hicho kifupi mpiga picha hufyatua kamera mara nyingi, akijua kwamba hakuna wingu litakalorudi katika umbo lile lile.

Inafaa kueleza kwa nini maji yalihitajika, kwa kuwa hapo ndipo uhandisi na sanaa vinapokutana. Mawingu ya angani ni makubwa mno na huonekana yakienda polepole. Moshi uliopulizwa ndani ya sanduku dogo hauwezi kuyaiga, kwani hutawanyika haraka na jicho hutambua papo hapo kwamba ni moshi mdogo. Maji ni mazito kuliko hewa na hukipunguzia mwendo kila kinachopita ndani yake. Tone la rangi linaloshuka majini hufanya vichwa vya mviringo na mikunjo inayofanana sana na ile ya wingu la mvua linalopanda, ila tu limegeuzwa juu chini. Wataalamu wa sinema waliijua siri hii kabla. Katika filamu ya Close Encounters of the Third Kind ya mwaka 1977, mawingu ya kutisha yalitengenezwa ndani ya tangi lenye tabaka la maji ya chumvi chini na maji baridi juu. Rangi iliyoingizwa kati ya tabaka hizo ilielea mpakani, kwa kuwa ilikuwa nzito kuliko maji ya juu na nyepesi kuliko ya chini.

Maji hufanya kazi ya pili, na pengine hiyo ndiyo muhimu zaidi. Katika mandhari halisi, mlima ulio mbali huonekana hafifu na wenye rangi ya samawati kwa sababu ya hewa nyingi iliyopo kati yake na mtazamaji. Mtu aliyesimama Moshi mjini akautazama Kilimanjaro wakati wa kiangazi anajua jambo hili bila kufundishwa. Ndani ya chumba umbali huo haupo. Maji yaliyochafuliwa kidogo kwa rangi hufifisha kilima cha nyuma kwa namna ile ile, na hivyo tangi ambalo mtu angeweza kuligusa pande zote mbili kwa mikono yake hubeba umbali unaoonekana kuwa wa kilometa nyingi.

Lakini kila ufumbuzi huzaa tatizo lake. Kitu kidogo kinapopigwa picha kwa karibu, sehemu moja tu huonekana kwa ukali na nyingine hufifia. Ukungu huo wa lenzi huwaambia watazamaji, hata wasiojua lolote kuhusu kamera, kwamba wanatazama sanamu ndogo. Dawa yake ni kupunguza tundu la lenzi. Tundu likipunguzwa, mwanga unaoingia hupungua, na mwanga ukipungua kilango cha kamera lazima kikae wazi kwa muda mrefu zaidi. Wingu la rangi halisubiri. Mpiga picha wa namna hii analazimika kuongeza taa, na taa zikizidi kivuli hupotea na jasi huonekana kuwa jasi. Uzuri wa picha hizi umo katika mapatano magumu kati ya mambo hayo matatu.

Zipo pia dosari ambazo Keever hakuzificha kabisa. Baadhi ya picha zake zimepewa majina yasiyoeleza mahali, yenye namba na herufi, kama Wildflowers 52i, mithili ya majalada ya maabara. Anayezitazama kwa makini huona kwamba jani fulani ni kubwa kupita kiasi kwa mti ulio jirani nalo, au kwamba anga imekatika ghafla ukingoni. Ni kama msanii ameacha mlango wazi kidogo ili anayetaka kujua ajue. Katika miaka ya baadaye aliondoa milima yote na kubaki na rangi zinazocheza majini peke yake. Moja ya picha zake ilitumika kwenye jalada la albamu Divers ya mwanamuziki Joanna Newsom, mwaka 2015.

Waliotangulia

Kujenga nchi juu ya meza si jambo la zama za kamera. Cennino Cennini, aliyeandika mwongozo wa wachoraji nchini Italia karne sita zilizopita, aliwashauri wanaotaka kuchora milima wachukue mawe makubwa yenye makwaruzo na kuyanakili. Mchoraji wa Kiingereza Thomas Gainsborough, kwa mujibu wa hotuba aliyoitoa Joshua Reynolds mwaka 1788, alipanga mezani mawe yaliyovunjika, majani makavu na vipande vya kioo, akavikuza katika mchoro hadi vikawa majabali, miti na maji. Wengi wanaposikia habari hizi hucheka, kisha huendelea kuamini mchoro.

Anayekaribiana zaidi na Keever ni Albert Bierstadt, mmoja wa wachoraji wa mandhari wa Marekani wa karne ya 19. Mchoro wake mashuhuri wa milima ya Sierra Nevada ya California ulichorwa mwaka 1868 akiwa Roma, maelfu ya kilometa kutoka milima hiyo, na ukaonyeshwa katika miji ya Ulaya. Ulikuwa mkusanyiko wa kumbukumbu, michoro midogo na matamanio. Uliwaonyesha watazamaji nchi ya neema, yenye maji matulivu na kulungu, na isiyo na mwenyewe. Watu wa asili waliokuwa wakiishi huko hawakuonekana. Picha za Keever hurithi mwanga ule ule wa dhahabu na utupu ule ule, na wahakiki wamekuwa wakilitaja jambo hili mara kwa mara. Tofauti ni kwamba Bierstadt aliliita eneo lake California, ilhali Keever hakuliita eneo lake chochote.

Kwamba picha za aina hii ziligusa sera si dhana tu. Mwaka 1871 mchoraji Thomas Moran na mpiga picha William Henry Jackson waliandamana na msafara wa Ferdinand Hayden kwenda Yellowstone. Kazi zao zilitumiwa kulishawishi Bunge la Marekani, na Machi 1872 eneo hilo likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mfano huo wa hifadhi isiyo na wakazi ulisafiri baadaye hadi katika bara letu.

Afrika Mashariki iliyojengwa New York

Mwaka 1926 Carl Akeley, mtaalamu wa kuhifadhi ngozi na maumbo ya wanyama, aliongoza safari ya Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani kuja Afrika Mashariki na Kongo. Lengo lilikuwa kukusanya wanyama, mimea na michoro ya mahali halisi kwa ajili ya ukumbi mkubwa utakaojengwa New York. Mchoraji William R. Leigh alifuatana naye ili kuchora mandhari papo hapo. Akeley alifariki Novemba mwaka huo na kuzikwa kwenye mteremko wa mlima Mikeno, katika eneo la volkeno za Virunga. Mwaka mmoja kabla, utawala wa Ubelgiji ulikuwa umeanzisha huko Hifadhi ya Albert, ambayo yeye mwenyewe aliipigania. Leo ni Hifadhi ya Virunga. Ukumbi wenye jina lake ulifunguliwa mwaka 1936, ukiwa na diorama 28.

Diorama ni chumba kidogo nyuma ya kioo. Mbele kuna wanyama waliotiwa umbo, katikati mimea iliyotengenezwa kwa mkono jani kwa jani, na nyuma ukuta wa mviringo uliochorwa anga na upeo wa macho. Ustadi mkuu umo mahali ardhi ya kweli inapokutana na ardhi iliyochorwa; fundi akifaulu, jicho haliuoni mshono. Kwa hiyo, miaka mingi kabla ya tangi la Keever, Virunga na nyanda za Kenya na Tanganyika zilikuwa zimekwisha kujengwa ndani ya jengo moja la New York, zikiwa na mwanga usiobadilika asubuhi wala jioni.

Mpiga picha wa Kijapani Hiroshi Sugimoto alihamia mji huo mwaka 1974. Katika makumbusho hayo aligundua kwamba akifumba jicho moja, mandhari bandia ilionekana kuwa ya kweli. Kamera nayo ina jicho moja. Kuanzia mwaka 1976 alizipiga diorama hizo kwa kamera kubwa na filamu ya nyeusi na nyeupe, bila kuonyesha kioo wala fremu. Picha yake ya fisi, mbweha na tai ya mwaka huo humfanya mtazamaji aamini kwamba kuna mtu aliyejificha kichakani kwa siku kadhaa akiwavizia. Sugimoto hakujenga mandhari; alipiga picha ya mandhari iliyojengwa na wengine, na matokeo yake ni uongo wa daraja la pili unaofichua ule wa kwanza.

Lililo muhimu kwa watafiti wa ukanda huu ni kile ambacho ukumbi huo uliacha. Nafasi ya mbele ilipewa wanyama na mimea. Mfugaji, mrina asali na mkulima hawakupewa nafasi. Kosa halikuwa la fundi, kwani ukumbi ulikuwa wa mamalia. Hata hivyo vizazi vya wanafunzi, wafadhili na wanasiasa wa Marekani viliipata Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza kupitia vioo hivyo, na walichokiona ni nchi bila watu, iliyofafanuliwa kwa majina ya mahali halisi na kuthibitishwa na mamlaka ya sayansi.

Mwaka 1959 filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti ilionyeshwa Ulaya na baadaye ikapata tuzo ya Oscar. Mwaka huo huo Serengeti iligawanywa: upande mmoja ukabaki hifadhi ya taifa isiyo na wakazi, upande wa pili ukawa Eneo la Hifadhi la Ngorongoro, ambako Wamaasai waliohamishwa kutoka Serengeti waliambiwa wangeishi pamoja na wanyama. Haifai kudai kwamba filamu ndiyo iliyoleta mgawanyo huo. Mabishano yalikuwa yameanza miaka kadhaa kabla, na Grzimek mwenyewe aliupinga mpango wa kulikata eneo la hifadhi. Linaloweza kusemwa kwa hakika ni kwamba mabishano kuhusu ardhi yaliendeshwa mbele ya hadhira ya dunia iliyokwisha kuzoea kuiona ardhi hiyo ikiwa tupu. Mshauri wa sera anayepokea leo ripoti yenye picha ya nyanda tupu ana haki ya kuuliza: kamera iligeuzwa upande gani, na nyuma yake palikuwa na nini?

Likoni: mandhari ya msafiri

Kwenye kivuko cha Likoni, kinachounganisha kisiwa cha Mombasa na bara ya kusini, ubunifu wa mandhari ulichukua mkondo tofauti kabisa. Katika miaka ya 1990 wapiga picha wa hapo walijenga vibanda vya studio ambavyo kuta zake zilikuwa ulimwengu mzima: meli kubwa, ndege, majengo marefu ya miji ya mbali, misikiti, bustani zenye maua ya plastiki, mapazia na karatasi za kung'aa. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani Heike Behrend alizichunguza studio hizi, akachapisha makala juu yake mwaka 2000 na kitabu kuhusu upigaji picha wa pwani mwaka 2013.

Wateja wengi walikuwa wafanyakazi waliotoka bara kuja kutafuta riziki Mombasa. Mtu alisimama kando ya ndege iliyochorwa, akapigwa picha, akaituma nyumbani. Hakuna aliyedhani kwamba nyumbani wangeamini amesafiri kwa ndege. Picha ilisema jambo jingine: kwamba yu hai, amevaa vizuri, na kwamba dunia kubwa imemkaribia. Mpiga picha na mpigwa picha walikuwa na mapatano, na mpokeaji aliyajua. Kwa maana hiyo studio ya Likoni ilikuwa na uaminifu kuliko diorama ya New York, ingawa rangi zake zilikuwa zikibanduka.

Tofauti na Keever ni ya kuzingatiwa pia. Keever aliondoa watu na kuacha mandhari. Likoni iliijenga mandhari kwa ajili ya mtu. Anayeziita picha za Likoni sanaa ya mitaani na za Keever sanaa ya juu anapaswa kueleza kigezo chake, maana jasi na karatasi za kung'aa hununuliwa katika maduka yaliyo jirani.

Mwezi Agosti 1997 Likoni ilikumbwa na vurugu zilizowalenga hasa watu wa kutoka bara, yaani kundi lile lile lililozilisha studio hizo. Baadaye zikaja kamera za dijitali, kisha simu. Mapazia na mbao za vibanda havikuundwa ili vidumu, na zilizobaki ni picha zenyewe, zimetawanyika katika albamu za familia kutoka Pwani hadi Ziwa Viktoria.

Sheria na kumbukumbu

Mandhari iliyojengwa studioni ni kazi mbili: umbo lililojengwa, na picha yake. Sheria huzitazama kwa macho tofauti. Mkataba wa Berne unazilinda kazi za sanaa kwa muda wa maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini kwa picha za kamera uliruhusu kima cha chini cha miaka 25 tangu picha kutengenezwa. Tofauti hiyo iliondolewa kwa nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO wa mwaka 1996. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 iliweka muda wa maisha na miaka 50 kwa kazi za sanaa zisizo picha, na miaka 50 kwa picha, ikihesabiwa tangu kutengenezwa au kutolewa kwa umma.

Athari yake ni ya ajabu kidogo. Msanii kijana anayejenga milima ya jasi na kuipiga picha akiwa na miaka 25 anaweza kuishi hadi picha itoke katika ulinzi, huku milima yake, aliyoibomoa siku ile ile, ikiwa na haki ndefu zaidi isiyo na kitu cha kulinda. Wanaorekebisha sheria za hakimiliki katika nchi za ukanda huu wangefanya vyema kuliangalia jambo hili kabla wasanii wa hapa hawajaanza kudai mahakamani.

Upande wa kumbukumbu mahitaji ni mepesi zaidi na hayangoji bunge. Fomu nyingi za kuorodhesha picha huuliza mahali, tarehe na mpiga picha. Kwa picha ya Keever sehemu ya mahali ikijazwa New York ni kweli isiyosaidia, na ikiachwa wazi mtafiti wa kesho atatafuta mlima usiokuwepo. Sehemu tatu zaidi zingetosha: kilichosimama mbele ya kamera, aliyekijenga, na jina la mahali kinapodaiwa kuwa mfano wake, kama lipo. Kwa picha ya Sugimoto sehemu ya pili ingewataja Leigh na mafundi wenzake, na ya tatu ingetaja nyika za Afrika. Kwa picha ya Likoni ingehitajika kumuuliza mzee mwenye albamu ni nani aliyechora ile meli, wakati angali anakumbuka.